Sura si Ukoo

Ukisema "watu wa Temeke" hujataja ukoo. Umetaja mahali. Nyumba moja ya kupanga huweza kuwa na Mzaramo, Mmakonde, Mhaya na Mnyamwezi. Wanachangia bomba na ua, lakini kila mmoja ana babu zake.

Neno "samaki" nalo ni hivyo hivyo. Papa na pomboo wanafanana umbo, lakini pomboo hunyonyesha, na jamaa yake wa karibu wa nchi kavu ni kiboko. Bahari ndiyo iliyowachonga wakafanana. Tazama pia kamongo na sato wa Ziwa Victoria. Mvuvi huwatia katika mtumbwi mmoja, ila kamongo huvuta hewa kwa mapafu, na vinasaba vinaonyesha kwamba yu karibu zaidi na binadamu kuliko na sato. Maana yake ni kuwa babu tunayechangia sisi na kamongo aliishi baadaye kuliko yule anayetuunganisha sote na sato.

Charles Darwin alikwisha kuandika mwaka 1859 kwamba kupanga viumbe ni kupanga nasaba. Mjerumani Willi Hennig, katika kitabu chake cha mwaka 1950, akaitilia fikra hiyo kanuni kali: ukoo wa kweli ni babu mmoja pamoja na wazao wake wote, asiachwe hata mmoja. Kwa kanuni hiyo, ukitaka samaki wawe ukoo, huna budi kuwaingiza chura, kuku, mbuzi na wewe mwenyewe msomaji.

Maneno hayo, "asiachwe hata mmoja", yamenikaa moyoni. Nimehudhuria vikao vya familia baada ya matanga, nikasikia mtoto wa marehemu akitiliwa shaka kwa kuwa pua yake si ya ukoo. Ajabu ni kwamba pua haikuwa na neno marehemu alipokuwa hai. Ilianza kuchunguzwa nyumba ilipohitaji mrithi.

Biolojia haigawi urithi. Hiyo ni kazi ya sheria, dini na mila. Lakini inatuonya kwamba macho ni shahidi dhaifu wa nasaba. Anayefanana nasi huenda si wetu, na asiyefanana nasi huenda ni damu yetu. Na ukoo unaomtoa mzao wake kwa sababu ya sura haujabaki safi. Umebaki pungufu.