Sare ya Leipzig, Ubao wa Sumbawanga

Mdogo wangu,

Basi lilitutoa Mbeya alfajiri, tukapita Tunduma na Laela, tukaingia Sumbawanga mwili umechoka. Ukija, usisahau sweta. Mji uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na jioni upepo wa milima ya Mbizi hauna huruma. Njiani nimeyaona yale matuta ya mviringo ya Wafipa tuliyokuwa tunayasikia tu: majani hufukiwa ndani yaoze, msimu ukifika tuta linasambazwa na mbegu inakuta mbolea tayari.

Lakini najua unangoja habari za chesi. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, ana ubao wa siku nyingi. Ngome moja nyeupe ilipotea, mahali pake amesimamisha kipande cha gunzi. Tulipomaliza ugali na migebuka akaniuliza, "Mwanangu, sare gani unaiheshimu?" Nikamjibu palepale: ya Fischer na Tal, Leipzig, 1960. "Ipange," akasema.

Ilikuwa Olimpiki ya chesi. Tal alikuwa na miaka 23, bingwa wa dunia tangu Mei mwaka huo. Fischer alikuwa na 17. Tal, akiwa na kete nyeusi, alicheza Ulinzi wa Kifaransa, tena tawi la Winawer, ambako askofu hutoka mapema kumbana farasi na hakuna anayepata nafasi ya kupumua. Hatua ya 7 Fischer akamtoa malkia hadi g4, akamla askari wa g7, kisha wa h7. Faida ipo, ila malkia kaenda mbali na nyumbani. Liweke hilo akilini.

Kuanzia hatua ya 16 ni kula na kuliwa. Farasi wa Fischer anakula f7, anakula ngome ya d8, anatua e6 akiwatishia malkia na ngome kwa pamoja. Kumbe Tal naye kashakula ngome ya f1 kwa askofu, na askofu wa g5 kwa ngome. Hapo Tal anaitupa ngome yake g2, shaha! Mzee akanyoosha mkono ale, akaurudisha: mfalme hawezi kuila, askofu wa f1 anailinda. Fischer akasogea h1. Malkia wa Tal akaja e5.

Sasa gunzi letu likatoka a1 likamla askofu wa f1. Malkia wa Tal akamla farasi, mfalme wa Fischer akaila ngome, na hatua ya 21 malkia akatua g4, shaha. Mfalme aende h1, shaha ya f3. Arudi g1, shaha ya g4. F1 ndiyo ingekuwa njia ya kutokea, lakini imezibwa na gunzi lenyewe. Fischer ana ngome dhidi ya farasi, ana askari mmoja zaidi, na farasi huyo wa e7 yuko wazi mbele ya malkia wake. Nafasi moja tu ya kumla haipati. Wakakubaliana sare.

Mzee aliligusa lile gunzi kwa kidole, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hawa hawakuogopana." Nami nasema hivyohivyo. Ziko sare za kupeana mikono mapema ili watu wakalale, na sizitaki. Hii kila mmoja aliitafutia ushindi mpaka kete zikaisha. Fischer mwenyewe aliiingiza katika kitabu chake cha michezo 60, kilichotoka 1969.

Kesho kutwa napitia Matai kwenda maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji yanashuka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Wewe panga ubao kuanzia hatua ya 14, umtafutie Fischer njia nyingine. Ukiipata niandikie, Mzee naye anaingoja.

Kaka yako