Hata Wasiojikuna

Fereti sijawahi kumshika. Namjua kwa kumwandika tu: mnyama mrefu, mwembamba, wa jamii moja na kicheche. Wazungu walimfuga tangu zamani wawinde naye sungura, siku hizi wanaishi naye kwa nyumba. California ni marufuku kumfuga, lakini kwingi Marekani ana hadi daktari wake. Na mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, nalipwa na mteja wa huko niandike kuhusu ngozi yake.

Maneno 1,000 kuhusu utitiri. Kuna ule wa masikio, unaoacha nta nyeusi nyeusi. Halafu kuna Sarcoptes scabiei, unaochimba ngozi na kutaga mayai humo humo. Nyayo za fereti huvimba na kufanya magaga, na asipotibiwa kucha zinaweza kung'oka. Dawa zipo, kwa kipimo cha daktari. Sharti moja: tibu wanyama wote wa nyumba hiyo kwa pamoja, hata wasiojikuna, na ufue matandiko yote.

Hapo kwa "hata wasiojikuna" nikaacha kuandika.

Sarcoptes ndio huo huo tuliouita upele. Wa binadamu ni aina yake nyingine tu. Kidato cha pili, bwenini, vitanda vimebanana, jamaa wa kitanda cha chini yangu alianza kujikuna usiku, katikati ya vidole na kiunoni. Matroni akampaka dawa nyeupe inayochoma. Godoro lake likatupwa nje, akahamishiwa pembeni, akalala juu ya waya za kitanda na blanketi moja. Sisi wengine hatukupakwa chochote. Wiki chache baadaye upele ukazuka kwa vitanda vitano, na lawama zote zikamwangukia yeye. Jina alilopewa silirudii hapa. Muhula uliofuata hakurudi shule.

Sasa ona. Anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa, na muda huo wote anaambukiza wenzake. Kwa hivyo aliyejikuna kwanza si lazima awe ndiye aliyeuleta. Wala si mambo ya kutooga: upele hupita ngozi ikigusana na ngozi kwa muda, na mahali watu wamebanana unapata njia rahisi. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa.

Nilimpigia simu jioni hiyo. Siku hizi anaendesha boda Kitale. Nikamweleza kuhusu hizo wiki 6. Akanyamaza kidogo, nikasikia pikipiki zikipita.

"Kwa hivyo bweni zima mlikuwa nao."

"Inawezekana kabisa."

"Na mkalala kwa magodoro yenu."