Mtoto Anajifunza Kusimama

Katika mtaa wa Murara, mjini Goma, ardhi ni mawe meusi. Mawe hayo ni moto wa mlima Nyiragongo uliopoa zamani. Yana ncha kali, nayo hukwaruza magoti. Katika nyumba moja ya mbao, iliyojengwa juu ya mawe hayo, alizaliwa mtoto wa kike.

Alipopata miezi 6 alikaa mwenyewe, bila kuegemea kitu. Alipopata miezi 8 alianza kutambaa, na mama akamtandikia mkeka asiumie. Kutwa nzima alisema “ma-ma-ma” na “ba-ba-ba”. Sauti hizo ni nyepesi, maana mtoto hufumba midomo na kuifumbua tu. Ndiyo sababu watoto wa mataifa mengi huanza nazo.

Kaka yake akacheka, “Huyu hajui kitu! Hata kutembea hajui.”

Nyanya akamjibu, “Ngoja. Watoto hawalingani. Mmoja hutembea akiwa na miezi 9, mwingine 18. Wewe ulituchelewesha sana.”

Mwezi wa tano mwaka 2021 mtoto alikuwa na miezi 11, naye alisimama kwa kushika kiti. Jumamosi jioni, tarehe 22, Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ukashuka, ukakoma karibu na uwanja wa ndege. Murara haukuungua, lakini siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara kwa mara. Mtoto aliposhika kiti ainuke, chini pakatikisika, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena. Alidhani ni miguu yake. Akaacha kusimama.

Tarehe 27 serikali iliamuru watu wa mitaa 10 ya Goma wahame, na Murara ulikuwa mmojawapo. Wengine walikwenda Rwanda, wengine Bukavu kwa njia ya ziwa, wengine Sake. Mama alimbeba mtoto mgongoni, baba akachukua godoro, kaka akachukua sufuria. Huko Sake walilala darasani. Mtoto hakutaka kutoka mapajani mwa mama.

Mwezi wa sita walirudi. Ardhi ilikuwa imetulia. Kaka akaketi mkekani, akanyosha mikono, “Njoo, mdogo wangu.”

Mtoto akashika kiti. Akatazama chini, akangoja. Chini palikuwa kimya. Akainuka, akaachilia mkono mmoja, kisha wa pili. Akapiga hatua mbili, akamwangukia kaka yake kifuani.

Mara mbao za nyumba zikatetemeka. Wote wakanyamaza. Kumbe ni chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, iliyopita nje na magunia ya makaa. Mtoto akanyosha kidole mlangoni, akasema, “Chuku!”

Lilikuwa neno lake la kwanza. Nyanya akapiga vigelegele.

“Sasa anajua kitu,” akasema kaka.

Nanyi watoto, mdogo wenu akianguka, msimcheke. Mnyosheeni mikono, mkangoje.