Milimita 21

Kila Mjomba alipokanyaga breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu, kabeji zimejaa nyuma, usukani wa Hilux ulitetemeka. Fundi alisema ni pedi tu. Mimi nikafungua gurudumu. Diski ilikuwa imeota ukingo na kuungua hadi buluu. Nikaipima kwa vania kalipa, kitu pekee nilichotoka nacho chuo: milimita 21. Mwisho wake ni 23.

“Si tuichonge tu?”

“Mjomba, hapa hakuna cha kuchonga. Na zinabadilishwa zote mbili, na pedi mpya.”

Akanyamaza, halafu akatoa bahasha. Niliijua. Karo ya ile semesta niliyoitoroka, miaka miwili hajaigusa.

“Zitatosha?”

Diski mpya huja zimepakwa mafuta. Nilizipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.