Kisiwani ya Upare na Haki ya Msafiri

Wengi wetu tukisafiri baina ya Moshi na Tanga hupita Same mbio, tukaitazama Milima ya Upare kwa dirisha la gari, kisha tukaisahau. Lakini nyuma ya milima hiyo, upande wa mashariki, iko njia kongwe kuliko reli, na juu yake uko mji mdogo uitwao Kisiwani. Jina ni la watu wa bahari, ingawa bahari iko mbali.

Msafiri akitoka Same asubuhi huiacha barabara kuu akaelekea mashariki. Mkono wa kushoto hutandaa nyika kavu ya Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951, na ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa. Mkono wa kuume husimama Milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, hufikia mita 2,462. Nyika ina kiu na mlima una maji. Basi mwenye kufikiri hutambua mara moja kwa nini watu wa zamani walitembea ukingoni mwa mlima.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita Mazinde, ikafika Gonja na Kisiwani, ndipo ikaendelea. Wapagazi walipanda na nguo, shanga na nyaya, wakashuka na pembe za ndovu. Hapo walitua mizigo, wakateka maji, wakanunua chakula cha wenyeji. Wala tusifiche: si kila aliyepita njia hiyo alipita kwa hiari yake, kwani biashara ya watumwa nayo ilikanyaga mchanga ule ule.

Kisha hali ikageuka. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, nayo ilipita upande wa magharibi wa milima. Bidhaa na wageni wakaifuata reli. Same ikakua, Kisiwani, iliyokuwa njiani, ikawa kando ya njia.

Anayetaka kulala katika nyumba yenye historia hupanda milimani hadi Mbaga. Huko aliishi Jakob Dannholz, mmisionari wa Kijerumani, aliyeandika juu ya mila na imani za Wapare kitabu kilichochapwa Leipzig mwaka 1916. Nyumba yake ya misheni ilikuja kufanywa nyumba ya kulaza wageni. Mgeni hulala chini ya paa la mtu aliyeandika habari za wenyeji, na asubuhi huzungumza na wajukuu wa wale walioandikwa. Hilo ni jambo la kuzingatia. Mmisionari ameacha kuta na kitabu, lakini kambi za misafara zilikuwa za matawi na majani, na wapagazi waliolala humo hawakuandika kitu. Habari zao zikipotea katika vinywa vya wazee, hatutazipata katika maktaba yo yote.

Nasi Waislamu yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, maana dini yetu imempa msafiri haki iliyo wazi. Aliyekatikiwa na njia ni miongoni mwa wanaostahiki zaka, hata kama kwao ni tajiri, kwa kuwa njiani tajiri na maskini huwa sawa mbele ya kiu. Mji kama Kisiwani uliijua maana hiyo kila siku, kwa mtungi wa maji na mahali pa kulala.

Basi, ndugu msomaji, siku utakayosafiri na watoto wako, usione uzito kuizunguka milima kwa njia ya mashariki. Shuka Kisiwani, swali, ukae na wazee, uwaulize misafara ilitua wapi na maji yaliteka nani. Wape watoto kalamu na karatasi, waandike majibu. Yaliyoachwa na wenye kuta yamekwisha kuhifadhiwa. Haya mengine yanangoja mwenye kuuliza.