Wepesi wa Gari na Thamani ya Roho

Kuna michezo ambayo watu wengi huamini kuwa iliumbwa kwa ajili ya matajiri peke yao, na mashindano ya magari ni mmoja wa michezo hiyo. Mtu husimama kando ya njia, hupulizwa vumbi usoni, hulisikia gari likinguruma na kupotea bondeni, kisha hurudi nyumbani akijiambia kuwa yeye na mchezo ule ni mbali kama mbingu na ardhi. Imani hiyo ina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Mimi ni mwalimu, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Hata hivyo, nyuma ya nyumba yetu huko Njoro, chini ya paa la mabati makuukuu, mimi na mdogo wangu tulijenga gari la mashindano. Kazi hiyo ilinifundisha jambo moja ambalo naona ni vyema kuwaandikia vijana: asiye na fedha ya kuongeza bado anao uwezo wa kupunguza, lakini ni lazima akijue kisichopunguzika.

Mchezo niusemao huitwa ralikrosi. Magari machache huanza pamoja, huzunguka uwanja mfupi ambao sehemu yake ni lami na sehemu yake ni udongo, na atanguliaye kumaliza ndiye mshindi. Ulizaliwa Uingereza, katika uwanja wa Lydden ulioko Kent, tarehe 4 Februari 1967, na mshindi wa siku ile alikuwa Vic Elford aliyeendesha Porsche 911. Hapa Kenya ndugu yake wa karibu ni otokrosi, ambamo dereva hushindana na saa katika njia fupi ya udongo. Michezo hii si sawa na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya kwanza ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la ralikrosi halitakiwi kuvumilia maelfu ya kilomita. Hutakiwa dakika chache za ushujaa: kuondoka upesi, kupinda upesi na kusimama upesi. Mambo hayo yote matatu yana adui mmoja, naye ni uzito.

Mwanafunzi wa fizikia anaijua kanuni ya pili ya Newton: nguvu ile ile ikisukuma kitu chepesi, huuongeza mwendo wake upesi zaidi kuliko ikisukuma kizito. Tuchukue mfano. Gari la kilo 750 lina injini ya nguvu za farasi 75. Kila farasi, tukimfikiria kuwa mnyama hai, amebebeshwa kilo 10. Tukiondoa kilo 150, kila farasi atabakiwa na kilo 8. Mtu asiyetaka kupunguza, lakini anayetaka farasi wake nao wabebe kilo 8 kila mmoja, itambidi awe na farasi wapatao 94; yaani anunue farasi 19 zaidi. Farasi wa injini ni ghali: huja kwa pistoni mpya, kwa kemshafti mpya, na kwa mikono ya fundi bingwa. Kilo 150 huondolewa kwa spana, msumeno na subira.

Wala faida haiishii hapo. Breki hulisimamisha gari kwa kuugeuza mwendo kuwa joto, na katika mwendo ule ule gari la kilo 600 hutoa joto lililo sehemu nne katika tano za joto la gari la kilo 750. Tairi nazo hudumu, petroli hudumu, na shokomzoba hupata nafuu. Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mjenzi wa gari jepesi huisoma methali hiyo kutoka mwisho kwenda mwanzo, maana haba na haba hukipunguza kibaba vile vile.

Hatukuwa wa kwanza kulitambua hilo. Mwaka 1948 kijana Mwingereza aitwaye Colin Chapman, aliyesomea uhandisi katika chuo kikuu mjini London, alilichukua gari kuukuu la aina ya Austin Seven, la mwaka 1928, akalijenga upya katika banda dogo. Kutokana na mwanzo huo ilikuja kuzaliwa kampuni ya Lotus, ambayo magari yake mepesi yaliyashinda mara nyingi magari yenye injini kubwa zaidi. Hapa kwetu, Joginder Singh, fundi na dereva aliyezaliwa Kericho, aliishinda Safari ya mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano mengine kabla ya kufika mikononi mwao.

Huko Uswidi na Ufini hekima ya matumizi madogo imefanywa sheria. Nchi hizo zina mashindano ya watu wa kawaida, katika viwanja vinavyofanana na vya ralikrosi, na kila gari limewekewa bei moja. Mashindano yakiisha, mshindani anaweza kutaka kulinunua gari la mwenzake kwa bei hiyo, na mwenye gari hana ruhusa ya kukataa. Ni nani basi atakayetia dhahabu ndani ya gari ambalo jioni litachukuliwa kwa bei ya shaba?

Gari letu lilikuwa Toyota Starlet ya mwaka 1993, yenye milango mitatu, ambayo mwenyewe alikuwa amechoka nayo. Tuliinunua kwa shilingi 90,000. Kabla ya kufungua hata skrubu moja tuliipeleka kwenye mizani ya ghala la mahindi, nayo mizani ikasema kilo 771. Kisha tukaanza kuivua. Kila kilichotoka kilipimwa na kuandikwa katika daftari la shule, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Viti vya mbele vilikuwa kilo 28, na kiti cha nyuma kilo 20. Gurudumu la akiba na jeki yake, kilo 15. Vioo vya milango, mitambo yake na mapambo yake ya ndani, kilo 24. Kioo cha nyuma, kilo 5. Mtambo wa kupasha joto na kupoza hewa, kilo 20. Redio na spika zake, kilo 3. Zulia, pamoja na lami iliyobandikwa sakafuni kiwandani ili kuzuia mlio, kilo 22. Lami hiyo ilitushikilia siku mbili nzima, tukiilainisha kwa moto mdogo na kuikwangua, baada ya tangi la petroli kutolewa na kuwekwa mbali sana na banda.

Jumla ilikuwa kilo 137. Tulizitoa bila kununua kitu ila chai na mkate. Tena viti na redio tuliviuza mjini Nakuru, na fedha iliyopatikana ikanunua pedi mpya za breki. Hapo niliona ajabu ya kupunguza: uzito ulitoka na fedha ikaingia.

Lakini kila jema lina mpaka wake, na Chapman niliyemsifu aliufikia mpaka huo. Tarehe 4 Mei 1969, katika mashindano ya Hispania mjini Barcelona, mabawa ya nyuma ya magari mawili ya Lotus yalivunjika, na madereva wake, Graham Hill na Jochen Rindt, wakapata ajali. Rindt alimwandikia Chapman barua ya kulalamikia udhaifu wa magari yake. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Septemba 1970, Rindt alifariki huko Monza, Italia, ndani ya gari la Lotus. Na ubingwa wa dunia wa mwaka ule ukawa wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Wepesi ni mtumishi mwema, lakini hapaswi kupewa ufunguo wa kila chumba.

Katika gari la mashindano, chumba ambacho wepesi hauruhusiwi kuingia ni kile anachokaa dereva. Humo hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma, ili gari likipinduka paa lisishuke juu ya kichwa chake. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, hazisemi bomba tu. Zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono. Upinde mkuu, ulio nyuma ya dereva, uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Mabomba mengine yawe ya 38 kwa 2.5, au ya 40 kwa 2. Kila mguu wa kizimba hukaa juu ya bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3, ili usiitoboe sakafu gari linapoanguka.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia katika banda letu. Bei ya mabomba hayo, pamoja na kazi ya kuyakunja na kuyachomelea, ilikaribia theluthi mbili za bei ya gari lenyewe. Wakati huo huo jirani mmoja alikuwa amebomoa kitalu chake cha maua, akatupa bure mabomba ya maji yaliyokuwa yamekishikilia. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa aendeshe, aliyapenda mara moja. "Kaka," akaniambia, "bomba ni bomba. Likishapakwa rangi, nani atajua?" Nilimjibu kuwa paa litajua. Hakufurahi. Mashindano yalikuwa yamebakisha majuma matano, naye alikuwa amekwisha kuwaambia rafiki zake wote kuwa atakuwapo.

Mama, ambaye hakuwahi kuuliza bei ya kitu chochote katika banda lile, alikuja akasimama mlangoni, akauliza swali moja tu: "Gari hili likilala kichwa chini, ni kitu gani kitakacholizuia paa lisimfikie mwanangu?" Hakungoja jibu. Aliuliza, akarudi jikoni.

Aliyelijibu swali hilo ni mzee mmoja mchomeleaji wa Nakuru, ambaye tulikuwa tumemwendea kwa ajili ya kazi ile. Hakubishana na mdogo wangu. Alikata vipande viwili vya urefu wa shibiri, kimoja cha bomba la maji na kimoja cha bomba lisilo na mshono. Alikibana cha kwanza katika jiriwa, akakipiga nyundo ili kiwe bapa. Mshono wake ukafunguka toka ncha hii hadi ncha ile, kama ganda la njegere. Akakibana cha pili, akakipiga vile vile. Kilikunjika, kikawa bapa, lakini hakikupasuka. Akaviweka vyote viwili katika kiganja cha mdogo wangu. "Kijana," akasema, "chagua kitakachokaa juu ya kichwa chako."

Tuliyakosa mashindano yale, na mengine yaliyofuata. Kila mwisho wa mwezi tulinunua bomba moja la mita 6, mpaka yakatimia matatu. Mdogo wangu alininunia majuma mawili ya kwanza. Kisha alianza kuyapima mwenyewe, akiuhakikisha unene wa kila bomba kabla ya kulipokea dukani. Kizimba kilipokwisha kilikuwa na uzito wa kilo 39. Kiti cha mashindano, mikanda na kizima moto viliongeza kilo 12. Hivyo tulirudisha kilo 51 katika zile 137 tulizoziondoa, na mizani ya ghala ikasema kilo 685. Daftari letu likafungwa, na hakuna kilo hata moja ndani yake ambayo hatukuweza kueleza kwa nini imetoka au kwa nini imerudi.

Siku ya mashindano mkaguzi aligonga kila bomba, akapima, akavuta kila mkanda kwa nguvu zake zote, kisha akatia sahihi. Mdogo wangu alikuwa wa nne katika magari tisa ya daraja lake, na mawili kati ya magari aliyoyashinda yalikuwa na injini kubwa kuliko yake. Tangu siku ile ameshindana mara kadhaa, na kizimba hakijagusa ardhi hata leo. Kilo zile 39 zilizonunuliwa kwa bei kubwa kuliko kitu kingine chochote garini, ila gari lenyewe, huzungushwa uwanjani bila kufanya kazi yoyote ionekanayo. Namwomba Mungu zisiifanye kazi yake kamwe; lakini sijaijutia hata senti moja tuliyozilipia.

Vijana wasomaji, wengi wenu mtaanza maisha na mfuko mwepesi. Msiuonee haya. Tazameni kwanza mnachobeba bila haja, mkitoe. Mtashangaa jinsi mwendo utakavyoongezeka bila kununua kitu. Lakini uwekevu na ubahili hukaa nyumba moja, na mtu asiyeangalia hubisha mlango usio wake. Mwekevu huondoa zulia akanunua breki. Bahili huondoa breki akahifadhi fedha, na fedha hiyo mwisho wake hutumiwa na watu wengine kununulia sanda. Kama mtapenda mchezo huu, uchezeni uwanjani, mbele ya mkaguzi na chini ya kanuni, wala si katika barabara ambayo mama na watoto wanapita. Na katika kila kazi mtakayoishika, iwe ya gari, ya nyumba au ya daraja la mto, punguzeni chochote mtakacho, ila kile ambacho roho ya mtu imeegemezwa juu yake.