Majani ya Masisi, Miti ya Walikale na Sashe

Mtu akitoka Sake kupanda Masisi, anaona kwanza majani: vilima na vilima vya malisho, ng'ombe juu yake. Fromaji yetu inatoka hapo. Akipita Nyabiondo na kushuka Walikale, anaingia pori kubwa. Na popote wachimbaji wanapopita, kwa kolta ya Rubaya ao kasiterite ya Bisie, anakanyaga sashe.

Majani, mti na sashe ni ndugu kwa jambo moja: vyote ni polima, maana yake minyororo mirefu ya vipande vidogo vilivyoshikana. Fufu pia. Wanga wa muhogo ni mnyororo wa glukosi, aina ya sukari. Tafuna fufu muda mrefu bila kumeza, utaonja utamu: mate yana kimeng'enya kinachokata mnyororo. Majani ya malisho nayo ni glukosi, lakini pingili zake zimefungwa namna ingine, na sisi ufunguo wake hatuna. Hata ng'ombe mwenyewe hana! Ni vijidudu vya tumboni mwake vinavyomkatia.

Kule Walikale, uyoga, mchwa na bakteria wanafanya kazi hiyo, na gogo linakuwa udongo.

Sasa sashe. Hiyo ni polietilini, kaboni imeshikana na kaboni, na vijidudu vya udongo karibu vyote vinashindwa. Jua linaipasua, lakini kupasuka si kuoza: vipande vinabaki plastiki na mvua inavipeleka mtoni. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza bakteria inayokata plastiki ya chupa za maji. Ya chupa, si ya sashe. Bidoni nzee inaweza kuyeyushwa iwe beseni, ila kila moto unafupisha minyororo kidogo, na beseni inakuwa dhaifu.

Moto mkali unakata kabisa, lakini ovyo. Mama anayewasha mbabula kwa sashe anatoa masizi na sumu, na mtoto aliye mgongoni anavuta moshi uleule. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe. Soko halikusikia.

Majani makavu ya ndizi yanawasha makala vizuri tu. Na porini Walikale, majani mapana ya kufungia chakula yangali yanaota bure.